Asali Hailimwi

Kaunta buku ninazo tano, za kwaya tatu, zote zimejaa na zote zina madoa. Ya kwanza ilinywa mafuta ya cherehani. Ya pili ina duara la kikombe, na chai yenyewe ilipenya karibu nusu ya daftari. Kwenye ya tatu, katikati ya sura niliyoihangaikia wiki mbili, kuna vipimo vya suruali ya mteja: kiuno 34, urefu 41, miguu ipunguzwe. Suruali ilitoka vizuri, mwenyewe akaja kuagiza nyingine. Sura ndiyo ilibidi niifumue yote.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani kwangu Isevya, Tabora mjini, barazani, mahali ambapo kila anayepita anasalimia na kila anayesalimia ana jambo. Mume wangu yuko reli, leo Mpanda, keshokutwa Kigoma, na akirudi analala mchana, basi nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Watoto tunao wanne. Kisha yupo mama mkwe, ambaye humu ndani sote tunamwita Bibi. Alikuja mwaka 2015 kutibiwa macho akae mwezi mmoja, na mpaka leo yupo, namshukuru Mungu. Bibi hajui kusoma. Hilo mlishike, maana bila hilo kitabu changu kisingekuwapo.

Watu huniuliza napata wapi muda wa kuandika. Sipati. Miaka mingi niliamini kwamba kinachonikosesha uandishi ni kelele. Niliwaonea gere wale waandishi wanaopigwa picha wameketi mezani, nyuma yao rafu ya vitabu, mbele yao dirisha. Nikajiambia, nipewe chumba na wiki moja tu, muone. Likizo ya mwezi wa sita mwaka 2017 nikapewa. Mume wangu alimchukua Bibi na watoto wote kwenda Urambo kwenye arobaini ya ndugu yao, mimi nikabaki kulinda nyumba. Nikafunika cherehani, nikabandika karatasi mlangoni, "Fundi amesafiri", nikajifungia.

Siku ya kwanza nilifagia. Siku ya pili nikafua mapazia. Siku ya tatu nikaandika kurasa tatu, na hadi leo sijaandika mbovu kuzishinda zile. Watu wamesimama wanatazama jua likizama, wanawaza. Hakuna anayekula. Hakuna anayedai hela yake. Siku ya nne nilikwenda sokoni bila haja ya kununua chochote, ili nisikie watu wakivutana bei ya nyanya.

Kusoma kulitangulia kuandika kwa mbali sana. Marehemu baba alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake vitabu kumi na vichache: vya sala, vya hadithi, kimoja cha ufugaji wa kuku ambacho sikumbuki kama kuku wetu walifaidika nacho. Nilipoanza kuunganisha herufi nilivutwa na ule ukurasa wa mbele ambao wengine huuruka, wenye maandishi madogo madogo. Kwenye vingi iliandikwa "T.M.P. Book Department, Tabora". Nikamuuliza baba, Tabora hii? Akasema hii hii, pale Kipalapala. Wamisionari walikuwa na mitambo yao ya kupiga chapa, Tanganyika Mission Press, ndiyo hiyo T.M.P., hata gazeti la Kiongozi lilianza kutoka hapa kwetu mwaka 1950. Mtoto wa darasa la pili akishaambiwa kwamba vitabu vinatengenezwa mwendo wa baiskeli kutoka kwao, humwambii tena kitu. Kwangu kitabu kikawa kama kiatu: kuna mtu amekaa mahali akakitengeneza, na mwingine anaweza kujaribu.

Halafu Tabora ina hili la Mwalimu Nyerere, hulikwepi. Alisoma Tabora School, ambayo leo ni Tabora Boys, na mwaka 1946 akarudi kufundisha St. Mary's. Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari hakuchoka kutukumbusha kwamba mtu huyo alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare huku akiwa Rais. Nilipokuja kumlalamikia shangazi yangu kwamba muda hautoshi, alinitazama tu. "Mwalimu alikuwa na nchi mgongoni akaandika. Wewe una sketi za shule." Sikumjibu, ingawa jibu lilikuwapo: Mwalimu hakuwa anapika.

Sasa nirudi kwa Bibi.

Nilikuwa naandika kwa siri. Si siri ya kutisha, lakini daftari nililichomeka chini ya rundo la vitambaa, na mtu akiingia nililifunika kwa kipande cha tetroni. Naona aibu hata kusema sababu. Niliogopa kuchekwa. Jioni moja mwaka 2018 umeme ulikatika, tumekaa sebuleni tunamenya karanga kwa mwanga wa simu, karai katikati, kila mtu na lundo lake. Binti yangu mkubwa, wakati huo yuko kidato cha kwanza, akatafuta kitu kigumu cha kuwekea maganda mapajani, akavuta kaunta buku yangu. Akaifungua. Akaanza kusoma kwa sauti ya kuigiza, ile ya kumtania mama yake mbele ya watu. Ndugu zake wakaangua kicheko. Nikainuka kumnyang'anya, na hapo nikamsikia Bibi: "Mwache. Rudia hapo."

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mrina asali anayemwacha mkewe mjini na kukaa msituni miezi. Binti akarudia: wanaume waliingia porini kuvuna asali asubuhi na mapema, jua likichomoza.

"Huyo muongo," akasema Bibi.

"Nani, Bibi?"

"Aliyeandika. Mahindi ndiyo yanavunwa. Asali inarinwa. Na asubuhi gani hiyo, nyuki wakuone vizuri?"

Baba yake Bibi alikuwa mrina asali, na mumewe pia. Mimi niliolewa kwenye ukoo huo miaka kumi na tatu sikuwahi kuuliza hata swali moja, nikaenda kutunga kutoka kichwani. Usiku ule alitueleza mpaka simu ikaisha chaji. Mzinga wa gome la mtundu, unavyobanduliwa mzima mzima na kushonwa kwa vijiti, na mti ukishavuliwa gome hauponi, ndiyo maana siku hizi wafugaji wanahimizwa watumie mizinga ya mbao. Mtu anavyopanda juu gizani na mwenge wa magome makavu unaofuka moshi. Anavyopapasa sega kujua lipi lina asali na lipi lina majana, yaani watoto wa nyuki, la majana analiacha, maana ukilichukua umeiua nyumba. Mumewe alikuwa akirudi kutoka kambini ananuka moshi, na harufu haitoki kwenye blanketi hata lifuliwe mara tatu. "Nikiisikia najua yupo," akasema. "Ikianza kupungua najua karibu ataondoka tena."

Hilo la blanketi nimeliweka kwenye kitabu kama alivyolisema. Sijaongeza neno.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu bila mtu kuupanga. Jumapili jioni, kazi ya mikono ikiwapo, binti anasoma nilichoandika wiki hiyo. Nikajifunza kipimo ambacho sijakikuta kwenye kitabu chochote cha fasihi. Sentensi ikiwa hai, karanga zinamenywa polepole, mkono unasimama hewani na ganda lake. Sentensi ikifa, mikono inaongeza kasi. Na ikishakufa kabisa, Bibi anauliza, "Hivi chumvi ipo?" Nilikuwa na penseli, nikisikia chumvi naweka alama pembeni. Sura ya pili ilikuwa na chumvi saba. Zile kurasa tatu za wiki ya ukimya tulizisoma pia, nikitumaini pengine nimejihukumu kwa ukali. Mume wangu, tuliyedhani amelala, akauliza kutoka chumbani, "Huyo bwana anawaza mpaka saa ngapi?" Nikazichana palepale.

Kuna gharama yake. Jirani yangu mmoja alijisikia mle ndani, kwenye mama anayekopa maandazi na kusahau. Sikumwandika yeye, au niseme sikumwandika yeye peke yake, lakini mwezi mzima hakunisalimia. Siku aliyorudi alisimama barazani, akashika kitambaa cha mteja akikikagua kana kwamba ndicho kilichomleta, akasema: "Kama lazima niwemo, basi niweke na siku niliyomfikisha mwanao hospitali usiku." Alikuwa na haki. Nikamwongezea sura, na yule mama akawa mtu, si mzaha.

Mwaka 2019 nilimaliza, nikaanza safari ya pili ambayo hakuna aliyenitayarisha nayo. Nilituma mswada kwa wachapishaji wawili wa Dar es Salaam. Mmoja hakujibu. Wa pili alijibu baada ya miezi 11, barua ya kiungwana, kwamba hadithi imewapendeza ila haiingii kwenye mpango wao. Nilinuna siku mbili, kisha mwalimu mmoja mteja wangu akanifafanulia: wachapishaji wengi wa hapa nchini wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya isiyosomwa darasani inakaa ghalani, na hela yao inakaa nayo. Tangu nilipoelewa hivyo sijawachukia tena. Nilipeleka pia kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Sikushinda. Ila kuandaa mswada wa kushindanishwa kulinilazimisha kuusafisha kuliko nilivyowahi kusafisha kitu.

Wa tatu ndiye aliyenifundisha Kiswahili. Alinipigia mwenyewe, sauti tamu, akasema atanichapishia kitabu, nichangie milioni mbili na nusu. Nikaenda kumwambia yule mwalimu kwa furaha. Akaniuliza, huyo ni mchapishaji au mchapaji? Nikadhani ananitania, nikaona ni neno moja. Akanieleza taratibu, huku natoa pini kwenye sketi ya mwanawe. Mchapishaji anatoa hela yake, anakuhariri, anatafuta soko, na wewe anakupa mrabaha, mara nyingi kama asilimia 10. Mchapaji unampa hela yako, yeye anakupa karatasi zilizoshikana. Wote ni watu wa maana, ila ujue uko mbele ya yupi. Yule wa milioni mbili na nusu alikuwa wa pili amevaa koti la wa kwanza.

Basi nikaamua, kama hela inatoka kwangu, nitatafuta mchapaji mwenyewe macho wazi. (Macho hayakuwa wazi sana, mtaona.)

Kwanza kuchapwa kwenye kompyuta. Nilimpa kijana wa stesheneri kaunta buku zote tano, akafanya kazi nzuri na ya haraka, hata mwandiko wangu wa usiku aliuweza. Nakala ya majaribio nikaileta nyumbani. Binti wa pili ndiye aliyekuwa zamu, akasoma: wanaume waliingia msituni kulima asali. Bibi akaacha karanga. Binti akaendelea, ukurasa wa pili wanalima tena, wa tatu wanalima usiku kwa mwenge. Kijana alikuwa ameona "kurina", akadhani ni fundi cherehani amekosea r na l kama watu wanavyokosea, akanisaidia. Kote. Tulihesabu mara 23. Bibi alicheka wiki nzima, kila mgeni akija anamwambia, "Mke wa mwanangu ana shamba la asali." Kijana naye alipoelezwa aliinamisha kichwa, akasema kweli hilo neno hajawahi kulisikia. Kazaliwa Tabora hapa hapa.

Namba ya kitabu niliiomba kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ambao ndio wanaotoa ISBN nchini. Ni tarakimu 13, na zile 9987 za katikati ndizo zinazosema kitabu kimetoka Tanzania. Niliziandika kwenye kaunta buku mara kadhaa, kama msichana anayejaribu jina la mchumba. Mambo ya hakimiliki niliyapitia pia. Sheria yetu inailinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mume wangu aliposikia alipiga hesabu kwa sauti. "Kwa hiyo ukitangulia, sisi tunakula miaka 50?" Nikamwambia mtakula, ila mtakula kadiri ya mauzo.

Hela ilitoka kwenye mchezo. Tuko wanawake 15, zamu yangu ilikuwa imefika, na nilikuwa nimewaambia wote kwamba nanunua mashine ya ovaloki. Sikununua. Nilituma shilingi 1,350,000 kwa mchapaji mmoja wa Dar, nakala 300, shilingi 4,500 kila moja, kurasa 112. Sijutii, lakini nisiseme uongo: ovaloki ingekuwa imeshajilipa.

Maboksi manne yalifika kwa basi. Tuliyafungulia sebuleni, watoto wakanusa kurasa. Cha kwanza kizuri, cha pili kizuri. Kwenye cha tano nilifika ukurasa wa 48, nikafunua, nikakuta 33. Nikadhani macho. Nikafunua tena: 33, 34, 35, mpaka 48 kwa mara ya pili, kisha 65. Kurasa za 49 mpaka 64 hazimo.

Baadaye nikaelezwa inavyotokea, na kwa mtu wa vitambaa ni rahisi kuelewa. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa inapigwa chapa pande zote mbili, kisha inakunjwa na kukunjwa mpaka inatoa kurasa 16, na kifurushi hicho ndicho wanachokiita fomu. Changu kilikuwa na fomu saba. Mkusanyaji anaokota moja moja kwa mpangilio kabla ya kutia gundi. Mtu alichoka, au alikuwa anaongea, akaokota ya tatu mara mbili na ya nne akairuka. Alifanya hivyo kwenye vitabu 38.

Nilipopiga simu niliambiwa, "Dada, hiyo ni kawaida, ni vichache tu." Nilipopiga tena haikupokelewa. Na kosa, nikikaa nikalitazama, nusu lilikuwa langu. Mimi mteja akileta kitambaa nachukua nusu ya hela, nusu nyingine siku ya kujaribu nguo, na sijawahi kumkabidhi mtu nguo akaniahidi mwisho wa mwezi. Ufundi wote huo wa miaka mingi niliuacha barazani. Nililipa yote kabla ya kuona hata jalada, bila karatasi yoyote ya makubaliano.

Vitabu 38 sikuvitupa. Nilirudi stesheneri, nikatoa kurasa 49 mpaka 64 kwenye karatasi nne za A4, pande zote mbili, maana A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za kitabu kama changu. Nikazipanga, nikakunja, na kwenye mkunjo nikapitisha cherehani, sindano namba 16 iliyochakaa, kwa sababu karatasi inaua sindano nzima. Nyuzi ndefu, zisizobana, la sivyo karatasi inakatika kama stempu. Kisha gundi kidogo, nikazichomeka mahali pake. Vitabu hivyo nauza kwa shilingi 5,000 badala ya 8,000, na kabla mtu hajalipa namfungulia nikamwonyesha mshono. Ajabu yake wako waliochagua vya mshono kwa makusudi.

Mpaka leo nimeuza 131. Wengi wamenunua hapa hapa barazani, wamekuja kuchukua sare wakaondoka na kitabu. Duka moja la vitabu lilichukua kumi kwa mali kauli, nikalipwa vinne, vile sita bado wanasema "pita wiki ijayo". Mwalimu alinunua viwili na kimoja akakirudisha kimejaa wino mwekundu. Nimekiweka sandukuni, kwenye sanduku la baba, juu ya kile cha kuku.

Kitabu kimoja kati ya vile 38 sikukishona. Bibi alikiomba kabla sijakifikia. Nikamwambia hicho kibovu, nikupe kizima. Akauliza ubovu wake nini, nikamweleza kwamba sura ya mzinga na blanketi imeingia mara mbili. Akanyoosha mkono.

"Hicho ndicho."

Macho yake siku hizi yanaona mwanga na kivuli tu. Jumapili iliyopita mtoto wangu wa mwisho ndiye aliyekuwa anamsomea, yupo darasa la nne, bado anafuatisha mstari kwa kidole. Mimi nilikuwa mashineni, napinda kola, nasikiliza kwa sikio moja. Akafika mwisho wa sura, mke amelala na lile blanketi usoni. Akafunua, akaona 33, akasimama. "Bibi, imeanza tena upya. Niruke?"

Mkono wa Bibi ulikuwa juu ya karai, karanga moja katikati ya vidole, haijamenywa.

"Usiruke," akasema.